Glavu ya Shoto

Niliifua mimi. Wasimsingizie mlinzi wa jengo, wala wasilisingizie jua. Glavu ya marehemu niliitia kwenye beseni kwa mikono yangu hii, nikainyunyizia sabuni ya unga, nikaisugua mpaka maji yakawa meusi, nikaisuuza mara tatu. Kisha nikapanda nayo juu ya paa nikaianika. Mwezi wa saba, Dubai. Anayelijua jua la mwezi wa saba Dubai ameshashika kichwa.

Marehemu alikuwa Mganda, mlinzi kwenye jumba kubwa la maduka kule Al Barsha. Siku sita za juma alisimama mlangoni na redio kiunoni, akiwaonyesha watu choo kiko wapi. Siku ya saba, Ijumaa, alikuwa mfalme. Alikuwa bingwa wa besiboli, na sisi tulikuwa watu wake.

Sikuwa nimeuona mchezo huo maishani. Mtu mmoja anarusha mpira mgumu kama jiwe, mwenzake anausubiri na gongo, akiupiga anatimua mbio kuzunguka vituo vitatu na kurudi alikotoka. Shuleni kwetu Kenya watoto wana rounda. Basi huu ni rounda, ila ni rounda ya watu wazima wenye hasira. Waganda waliujua tangu kwao, na marehemu aliwahi kuchezea timu ya vijana waliosafiri nchi na nchi. Huku walichezea uwanja wa mchanga nyuma ya maghala, asubuhi na mapema kabla jua halijaanza ukatili wake.

Alirusha kwa mkono wa kushoto. Mpira ukitoka mkononi mwake ulikuja umenyooka kama mtu mwaminifu, ukifika karibu na gongo unakata kona, na mwenye gongo anabaki anapiga hewa. Wapakistani waliokuwa wakicheza kriketi upande wa pili wa uwanja walikuwa wakiacha mchezo wao kuja kumtazama. Yaya wa Kikenya, wafagizi, wapishi wa hoteli, wote walikuja. Mimi nilikuja na chupa mbili za chai na ndoo ya mandazi, na mjukuu wangu mdogo mgongoni. Ndiye aliyenileta Dubai huyo; binti yangu anafanya kazi hotelini na mtoto alihitaji wa kumlea.

Marehemu aliniita Jaja, ndivyo Waganda wanavyomwita bibi. Kabla ya kurusha alinigeukia.

"Jaja, leo tumuue nani?"

"Yule mnene mwenye kofia nyekundu."

"Yule ni rafiki yangu, Jaja!"

"Muue kwa upendo."

Na mnene alikufa, kila Ijumaa, kwa mipira mitatu aliyoikosa.

Sasa mjukuu wangu mkubwa. Huyu ndiye fahari yangu na nitamsema bila aibu. Nilimlea mimi nyumbani wakati mama yake yuko Dubai, na alipotimiza miaka ishirini na mbili naye akaja, akaajiriwa ulinzi, akapewa kitanda kwenye nyumba ya kampuni. Ijumaa yake ya kwanza uwanjani mpira ulipotea ukamfikia miguuni. Akauokota akaurudisha kwa mkono wake wa kushoto. Mpira ulikwenda ukampita aliyeutaka, ukampita na wa nyuma yake.

Marehemu akasimama. "Huyu msichana ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Jaja, huo mkono ni mali. Nani alimfundisha?"

Mkono ule nilikuwa nimeufunga. Mtoto akiwa na miaka minne alikuwa akila na shoto, na kwetu mtoto wa shoto alionekana kama amezaliwa kinyume. Nilichukua kitambaa cha leso nikaufunga mkono ule kiunoni kwake wakati wa chakula, miezi na miezi. Alikuwa akilifungua fundo kwa meno. Nilichoka kabla yake.

Marehemu alipoelezwa habari hiyo alicheka hadi akaketi chini. "Ndiyo maana una nguvu! Ulikuwa unapigana na fundo!" Tangu siku hiyo akamfundisha yeye peke yake baada ya wengine kwenda, mpaka jua likawafukuza.

Alikufa siku ya Jumatatu. Wenzake wa chumbani walikwenda kumwamsha kwa zamu ya asubuhi wakamkuta baridi. Moyo, walisema. Maiti ikapelekwa kwao kwa ndege, na mazishi tuliyatazama kwenye simu ya mtu, tumebanana watu kumi na picha inakwamakwama, jeneza likabaki hewani dakika nzima halikuingia shimoni. Nguo zake zilikwenda, viatu vilikwenda, begi lilikwenda. Sisi tuliobaki hatukuwa na kaburi la kwenda kuling'olea hata jani.

Ilibaki glavu tu. Ni ile ya ngozi, kubwa, ya kudakia mpira, na huvaliwa kwenye mkono usiorusha. Ya marehemu ilikuwa ya mkono wa kulia, kwa sababu alirusha kwa kushoto. Kaka yake alisema kwa simu: "Hiyo iacheni huko kwenye mchezo. Apewe mwenye shoto." Na mwenye shoto alikuwa mmoja tu.

Nahodha wao, Mganda mrefu mwenye sauti ya chini, akapanga. Siku ya arobaini itaangukia Ijumaa. Watu wakusanyike uwanjani, kila mwenye neno la kumkumbuka marehemu aliseme, kisha mrithi avae glavu na nahodha amrushie mpira. "Akiudaka," alisema, "tutajua marehemu ameacha mtu."

Mimi ndiye niliyeongeza la kwangu. Nilisema kitu cha marehemu hakilali kwa mrithi kabla ya siku yake, kinalala kwa mwanamke mzee aliyekwisha kuzaa. Wote wakaafiki. Nahodha akanikabidhi glavu kwa mikono miwili mbele za watu, nami nikavimba kama andazi ndani ya mafuta.

Na kwetu kitu cha marehemu hufuliwa kabla hakijakabidhiwa. Hata kigoda huoshwa. Hata bakora. Hakuna aliyeniambia glavu haifuliwi, na mimi sikuuliza. Mtu aliyevimba haulizi.

Basi jioni nilipanda paani kuianua nikaikuta ngumu. Niliigonga ukutani, ko, ko, ko. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kama mguu wa kuku aliyekufa. Mlinzi wa jengo letu, mzee wa Kipakistani mwenye ndevu za hina, aliishika akaipindua, akaninong'oneza kama mtu anayetoa habari za msiba: "Mama, ngozi khalas," yaani imekwisha.

"Usiniambie khalas," nikamjibu. "Khalas ni ya Mungu."

Zilibaki siku tisa kufika arobaini.

Usiku ule sikulala, na asubuhi simu ikalia. Ni mjukuu wangu, yuko kazini, anaongea kwa haraka.

"Shosho, glavu iko sawa?"

"Iko sawa."

"Umeiweka wapi?"

"Mahali pazuri. Wewe kula."

Nilikuwa nimeificha ndani ya ndoo ya mchele. Mpaka leo sijui kwa nini mchele.

Nilijaribu mafuta ya nazi ya nywele. Yakakaa juu kama jasho. Nikajaribu vaselini ya mtoto. Siku mbili zikaenda hivyo. Siku ya tatu nikambeba mtoto mgongoni nikaenda Bur Dubai kwa fundi viatu, Mhindi anayekaa kwenye ngazi na sanduku lake. Alikunja kidole gumba cha glavu kidogo tu, tukasikia kitu kikilia ndani, kra. Akanirudishia upesi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto aliyejinyea.

Nikakaa kwenye benchi pale watu wanapopandia abra, mashua za kuvukia kwenda Deira. Jasho lilikuwa likinitoka mpaka kwenye kope. Nilikuwa nikimwona mjukuu wangu mbele ya watu wote, anauinua mkono, mpira unagonga ule ubao nilioutengeneza mimi, unadunda, na watu wanasema: kumbe hakuacha mtu. Hawatasema bibi yake alifua. Watasema msichana hafai. Mara ya kwanza niliufunga mkono wake kwa leso. Hii ilikuwa mara ya pili.

Mtoto akalia, nikamtoa mgongoni. Nilipoikunja mbeleko yake ndipo nikakumbuka mbeleko ya bibi yangu. Ilikuwa ya ngozi. Bibi yangu alivaa sketi ya ngozi mpaka anakufa, na ngozi ikinyeshewa ikakaushwa na jua hakuitupa. Alikuwa na kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo. Aliyapasha moto, akayapaka, akasugua, akaikanyaga, akaisugua tena, mimi nimeshika upande wa pili navuta. Siku nyingi. Mpaka ngozi ikakunjika kama kitambaa.

Mkia wa kondoo! Nikapanda abra nikavuka.

Al Ras nilipita maduka ya viungo nikipiga chafya, na mbele kidogo nikapata bucha. Muuza nyama alinionyesha paja. Nikakataa. Akanionyesha mbavu. Nikakataa. Sikujua mkia unaitwaje kwa Kiarabu wala kwa Kihindi, basi nikamgeuzia mgongo, nikajipiga makalio, nikatikisa. Watu wa bucha nzima walicheka mpaka mmoja akaweka kisu chini. Lakini alielewa. Akatoa mkia wa kondoo mnene, mweupe, unatetemeka.

"Yalla, mama, yalla!" akasema, bado anafuta machozi ya kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku.

Nikauyeyusha jikoni kwa binti yangu. Aliporudi kutoka hotelini, na sare yake ya mapokezi na marashi yake, alisimama mlangoni.

"Mama, mbona nyumba inanuka boma?"

"Ni supu ya mtoto."

"Supu ya nini?"

"Ya afya."

Alinitazama. Niliitazama sufuria.

Kila asubuhi akishaondoka niliitoa glavu kwenye mchele. Kitambaa chenye umajimaji kwanza, kisha mafuta ya uvuguvugu, kisha kidole gumba changu, mshono kwa mshono. Nikimlisha mtoto niliikalia. Nikiosha vyombo niliibana kwapani. Nilitia mkono wangu wa kulia ndani, na kwa kushoto nikawa naipiga kwenye kiganja na mchi niliouvisha soksi. Jirani aligonga ukuta. Nikaendelea. Kwanza gumba likakubali. Halafu kidole cha mwisho. Jumatano glavu ikawa inafunga, polepole, kama mdomo wa bibi kizee asiye na meno.

Ndipo nikajua nilichokifanya. Kabla sijaifua, ukitia mkono mle ndani ulikuta vishimo vitano vya vidole vyake, laini, vimeng'aa, na katikati ya kiganja palikuwa na shimo mpira ulipozoea kulala. Ulikuwa kama unashikwa mkono na mtu. Na palikuwa na harufu yake, jasho na dawa ya kuchua. Sasa palikuwa tambarare, na harufu ya kondoo. Mafuta yalirudisha ngozi. Mkono hayakuurudisha. Nilikuwa nimeumwaga na maji ya sabuni kwenye tundu la bafuni.

Alhamisi mjukuu wangu akapiga simu tena.

"Shosho, nimeota nauangusha."

Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Ndoto ni tumbo," nikasema. "Kula ulale."

Ijumaa ikafika. Watu walikuwa wengi kuliko siku yoyote ya mchezo. Wengine walitoka zamu wakaja na sare. Nilibeba glavu ndani ya leso, kifuani, na moyo ulikuwa unaipiga kwa upande wa ndani.

Watu wakasema. Mpishi mmoja alisema yeye mwanzo alikuja kwa ajili ya mandazi ya Jaja tu, akajikuta Ijumaa ya tatu anapiga kelele mpaka sauti ikakauka na mandazi ameyasahau mkononi. Watu wakacheka. Yaya mmoja alisema madam wake humpa saa mbili tu za kutoka, na zote mbili alizileta hapa. "Siku sita naambiwa fanya haraka," alisema. "Nikimwona huyu amesimama pale katikati, anageuza mpira mkononi, na watu wote wanamngojea, nilikuwa naona kuna mtu wetu mmoja asiyeambiwa fanya haraka." Akaja Mpakistani wa kriketi, mrushaji wao. Alisema kwa lugha yake na hakuna aliyetafsiri. Aliinua mkono, akazungusha kiwiko na kifundo vile marehemu alivyofanya mpira ukate kona. Akazungusha tena. Mara ya tatu akalia.

"Jaja," nahodha akaniita. "Lete."

Nikafungua leso. Upepo ukaichukua ile harufu. Nahodha akavuta pua mara moja, mara mbili.

"Jaja, nini hii?"

Ningeweza kunyamaza. Glavu ilikuwa inafunga. Lakini mjukuu wangu alikuwa amesimama pale, mikono yake miwili mbele, na ikimshinda, aibu itakuwa yake.

"Niliifua," nikasema. Nilisema kwa sauti ili nisirudie. "Kwa sabuni. Nikaianika paani, ikawa ubao. Nikailainisha na mafuta ya mkia wa kondoo. Mkiona mpira unadunda msimtazame mtoto, mnitazame mimi."

Mnene mwenye kofia nyekundu, yule aliyeuawa kila Ijumaa, akapiga ukunga kutoka nyuma: "Banange! Jaja, umemfua mtu wetu!"

Nahodha alitia mkono ndani ya glavu. Akakaa nao humo muda. Akautoa.

"Mkono wake haumo," akasema.

"Haumo. Niliutoa mimi."

Alivua kofia, akajifuta uso, akatazama maghala. Nilidhani atanifukuza. Binti yangu, kando yangu, alinong'ona, "Supu ya afya," na hakuwa anacheka.

Mjukuu wangu ndiye aliyekuja. Alinitazama mpaka nikatamani ardhi.

"Shosho, wewe na mkono wangu mna kesi gani?"

Akaichukua glavu, akaivaa, akaifungua na kuifunga. "Inanuka nyama ya Krismasi," akasema, akaenda kusimama katikati.

Nahodha akarusha. Mpira ukagonga kiganja cha glavu, ukadunda, ukaanguka mchangani. Kando yangu mtu alifyonza, na mwingine akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala, "Basi, ni hivyo."

Mjukuu wangu aliuokota mwenyewe. Akaurudisha kwa shoto, na nahodha alipoudaka alikung'uta mkono wake kwa maumivu.

"Tena," mjukuu wangu akamwambia.

"Tulisema mmoja."

"Tena."

Nahodha akamgeukia mnene. "Wewe ulikuwa naye tangu kwetu. Siku alipopewa glavu hii mpya, ikiwa haijui mkono wa mtu, aliangusha mingapi?"

Mnene akafikiri. Nilimwona anafikiri kwa haki kabisa, midomo inatembea.

"Kumi na mmoja," akasema. "Na wa kumi na mbili ulimpiga mdomoni."

Kicheko kikapita, kidogo, cha watu wanaolia. Nahodha akarudi mahali pake. Akarusha. Ukaanguka. Akarusha. Ukaanguka. Wa nne ukakaa kidogo ukateleza. Watu walikuwa wameanza kuhesabu kwa sauti, na mimi nilijifunika uso na leso kwa sababu moyo wangu ni wa mtu mzee. Kwa hiyo wa sita sikuuona. Niliusikia. Marehemu akidaka mlio wake ulikuwa pa! kama kofi. Huu ulikuwa pu, kama donge la unga limeangushwa kwenye kibao cha chapati. Kisha ukunga. Nilipofunua uso watu wote walikuwa wameshamzunguka na nilichokiona ni mkono mmoja tu wa kulia umeinuliwa juu ya vichwa, na glavu imefungwa.

Nahodha hakuniambia neno siku ile, wala Ijumaa iliyofuata. Ijumaa ya tatu alikuja kwenye ndoo ya mandazi akachukua mawili. Nikajua amenisamehe nusu.

Mafuta ya kondoo sasa anayo mjukuu wangu kwenye kopo dogo, na anapaka mwenyewe. Mama yake ameambiwa, mbele yangu, kwamba glavu hiyo isikae chumba kimoja na mimi na beseni. Bado naenda kila Ijumaa. Mpira ukipanda juu bado najifunika uso, na watu wamezoea kunisimulia.

Miezi michache baadaye mjukuu wangu alikuja kufunga kamba za kiatu karibu nami, akaniwekea glavu mapajani bila kufikiri. Nilitazama huku na huku. Nikatia mkono. Vilikuwepo vishimo, vitano, vyembamba kuliko vile vya kwanza, na cha gumba kimeinama upande. Katikati ya kiganja palikuwa pameanza kubonyea. Nikautoa mkono wangu haraka, nisije nikaharibu tena.